Eksirei ya meno Bukoba na Muleba: mionzi kidogo, picha inayosomeka

Kwa ufupi

- Picha moja ya jino hutumia mionzi kidogo sana. Hata hivyo, hospitali mbili zinaweza kupiga meno yaleyale kwa viwango vya mionzi vinavyotofautiana mara kumi na zaidi.
- Aproni ya risasi siyo kinga kubwa kuliko zote. Umbo la mdomo wa mashine, aina ya filamu au kinasa picha, na kutorudia picha vina uzito zaidi.
- Mashine ya kidijitali haipunguzi mionzi yenyewe. Anayepunguza ni mtu anayeiwekea kipimo.
- Kukataa picha inayohitajika kunaweza kukugharimu jino. Kupigwa picha isiyohitajika hakukuletei faida yoyote.

Habari iliyozua maswali

Februari 2024, Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani, ADA, kilitoa ushauri uliowashangaza wengi. Kilisema mgonjwa anayepigwa eksirei ya meno hana haja tena ya kuvalishwa aproni ya risasi, wala kola ya kukinga tezi ya thairoidi iliyopo shingoni. Kilikuwa kinaachana na desturi ya miaka mingi.

Kwa mtu aliyekaa kwenye benchi la hospitali wilayani Muleba akiwa ameshika shavu, habari hiyo inaweza kueleweka vibaya kwa njia mbili. Wa kwanza atasema: kumbe mionzi haina neno, nipigeni tu. Wa pili atasema: sasa wanatunyima hata kile kinga kidogo tulichokuwa nacho, bora ning'olewe jino niondoke. Wote wawili wamekosea, na wa pili anaweza kurudi nyumbani bila jino ambalo lingeweza kuzibwa mzizi na kudumu miaka mingi.

Ushauri ule haukuishia kwenye aproni. Ulitaka pia daktari amchunguze mgonjwa kwanza kabla ya kuagiza picha, atafute picha za zamani kama zipo, atumie mfumo wa kidijitali badala ya filamu, na abane mionzi iangukie eneo la jino tu. Aproni inaweza kuondolewa mahali ambapo hayo mengine yameshafanyika. Je, kwetu Kagera yamefanyika? Hapo ndipo penye hoja.

Mionzi ya picha ya meno ni kiasi gani?

Kila mtu hupata mionzi kila siku bila kwenda hospitali. Inatoka ardhini, kwenye miamba, angani, na hata ndani ya chakula tunachokula. Kamati ya Umoja wa Mataifa inayofuatilia mionzi, UNSCEAR, inakadiria wastani wa dunia kuwa milisivati 2.4 kwa mwaka kwa mtu mmoja. Sivati ni kipimo cha athari ya mionzi mwilini. Ukigawa wastani huo kwa siku 365, unapata kama mikrosivati 6.6 kwa siku.

Sasa linganisha. Picha moja ndogo ya jino, ikipigwa kwa utaratibu mzuri, huwa na mikrosivati chache tu, yaani chini ya mionzi ya asili ya siku moja. Picha ya taya zima, ile inayoitwa OPG, kwa kawaida huwa kati ya 10 na 30. CT ya kichwa hufika takribani 2,000. Kwa hiyo picha ya jino iko chini kabisa kwenye ngazi hii.

Kwa nini basi tujisumbue? Kwa sababu wataalamu wa kinga ya mionzi huchukulia kwamba hakuna kiasi cha mionzi kisicho na hatari kabisa: hatari ya saratani hupungua kadiri mionzi inavyopungua, lakini haifikii sifuri. Tena sheria inaweka ukomo kwa watumishi, wastani wa milisivati 20 kwa mwaka, na kwa watu wa kawaida, milisivati 1, lakini kwa mgonjwa haiweki ukomo wowote. Mgonjwa analindwa na mambo mawili tu: picha iwe na sababu, na ipigwe kwa mionzi midogo inayotosha kuonyesha kinachotafutwa.

Meno yaleyale, mionzi mara 11

Mwaka 2008 mtafiti John Ludlow na wenzake wawili wa Marekani walichapisha vipimo vinavyoeleza jambo hili vizuri. Walipima mionzi inayoupata mwili kwa seti ya picha za kinywa chote, kwa kubadilisha vifaa tu.

Kwa mashine yenye mdomo wa mviringo na filamu ya zamani ya polepole, ile ya daraja D, seti nzima ilikuwa mikrosivati 388. Walipobadilisha filamu tu, wakatumia ya haraka ya daraja F, ilishuka hadi 171. Walipobadilisha na mdomo wa mashine, ukawa wa mstatili badala ya mviringo, ilishuka hadi 35.

Kwa lugha ya siku za mionzi ya asili, ni tofauti kati ya takribani miezi miwili na siku tano. Meno ni yaleyale na picha zinasomeka vilevile.

Sababu yake ni rahisi. Filamu ya jino ni mstatili mdogo. Mdomo wa mviringo humwaga mionzi kwenye duara kubwa kuliko filamu, na sehemu kubwa huishia shavuni, kwenye tezi za mate na karibu na shingo bila kuchora chochote. Mdomo wa mstatili huikata hiyo ya ziada. Tena picha yenyewe huwa safi zaidi, kwa sababu mionzi inayotawanyika ndani ya mashavu na kuitia picha ukungu nayo inapungua.

Kuna sharti moja. Mdomo wa mstatili unadai kulenga vizuri. Bila kishikizo cha filamu chenye pete ya kuelekezea, mpigaji atakosea, kona ya picha itatoka tupu, na itabidi arudie. Hospitali ikinunua kimoja inunue na kingine. Hakuna haja ya kubadilisha mashine nzima, kwani mashine nyingi zenye mdomo wa mviringo zinaweza kufungiwa kipande cha chuma cha mstatili mbele yake.

Mashine ya kidijitali na mtego wake

Katika miaka ya karibuni Tanzania imewekeza sana kwenye vifaa vya picha. Sehemu ya mkopo wa shilingi trilioni 1.3 uliotolewa na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 2021 kukabili UVIKO-19 ilikwenda kwenye vifaa vya hospitali, zikiwemo mashine za CT na za eksirei ya kidijitali. Vinasa picha vya kidijitali vya meno navyo vinapatikana kwa urahisi zaidi kuliko zamani, hata kwa kliniki binafsi. Ni habari njema, lakini ina mtego.

Kwa filamu, mionzi ikizidi picha inatoka nyeusi. Kosa linaonekana palepale. Kwa kidijitali, programu ya kompyuta hurekebisha weusi na weupe yenyewe. Mionzi ikizidi mara mbili, picha bado inapendeza, pengine kuliko ya kawaida. Hakuna anayelalamika. Mionzi ikipungua mno, picha hutoka na chenga kama televisheni yenye antena mbovu, na hapo kila mtu anaona. Matokeo yake ni kwamba mpigaji huongeza muda kidogo leo, kidogo kesho, ili asisumbuliwe na chenga. Baada ya mwaka, mashine mpya inaweza kuwa inatoa mionzi kama ile ya zamani.

Dawa yake haina gharama. Siku kinasa kipya kinapofungwa, muda wa kupiga uliokuwa ukitumika kwa filamu uanze kupunguzwa hatua kwa hatua, kwa kupiga jino lililong'olewa au kifaa cha majaribio, wala siyo mgonjwa. Chenga zikianza kuficha mstari wa mzizi au mpaka wa mfupa, rudi hatua moja juu. Kipimo hicho kiandikwe kwenye karatasi na kibandikwe ukutani: gego la mtu mzima, jino la mbele la mtu mzima, gego la mtoto, jino la mbele la mtoto. Atakayeingia zamu asibahatishe.

Wala picha haihitaji kuwa nzuri kwa maswali yote. Anayetafuta tundu dogo kati ya magego mawili anahitaji undani mwingi. Anayetaka kujua kama sindano ya kusafishia mzizi imefika mwisho anahitaji kidogo zaidi ya kivuli chake. Picha nzuri ni ile inayojibu swali la daktari.

Umeme, dawa ya filamu na asubuhi za Bukoba

Mahali ambapo filamu bado inatumika, mionzi mingi inapotea ndani ya chumba cha giza. Dawa ya kusafishia filamu hufanya kazi kwa joto na muda maalumu. Kwa dawa nyingi za kusafishia kwa mkono, nyuzi joto 20 zinahitaji kama dakika 5. Asubuhi za Bukoba maji yanaweza kuwa na ubaridi kuliko hapo. Filamu ikitolewa mapema inakuwa hafifu. Dawa ikichoka kwa kutumika muda mrefu, hali ni ileile.

Mtumishi aliye peke yake na foleni ndefu anafanya nini? Anaongeza muda wa mionzi ili picha iwe nyeusi. Kwa hiyo mgonjwa anaongezewa mionzi kwa sababu dawa imechakaa. Kipimajoto cha maji, saa ya ukutani, na tarehe ya kubadilisha dawa iliyoandikwa kwenye chombo vinaweza kuokoa mionzi kuliko vifaa vya bei kubwa.

Umeme nao una sehemu yake. Kwa miaka mingi Bukoba, Muleba na wilaya jirani zimekuwa zikipata umeme kutoka Uganda kupitia njia ya Masaka, na wakazi wanaujua kwa kupanda na kushuka. Mashine za zamani za meno hutoa mionzi inayofuata nguvu ya umeme wa ukutani. Ukishuka, mionzi inakuwa dhaifu, inaishia kwenye ngozi na haifiki kwenye filamu vya kutosha. Picha inaharibika, inarudiwa. Mashine mpya zinazotumia umeme ulionyooshwa, za kilovolti 60 hadi 70, zinatulia zaidi. Mahali zisipokuwepo, kidhibiti umeme kinasaidia.

Picha inayorudiwa ni mionzi iliyomwagwa

Picha ikirudiwa mara moja, mionzi imekuwa mara mbili. Hakuna aproni inayoweza kufidia hilo. Mwongozo wa Uingereza unataka angalau picha 95 katika kila 100 za kidijitali ziwe zinafaa kwa uchunguzi, na kwa filamu 90. Kila kituo kinaweza kujipima kwa daftari moja: tarehe, jino, imefaa au haikufaa, na kwa nini. Baada ya mwezi sababu kuu itajitokeza yenyewe: kishikizo hakitumiki, mgonjwa alitikisika, dawa ilikuwa imechoka.

Kuna kurudia kwingine kusikoandikwa popote. Mgonjwa anapigwa picha wilayani Muleba, kwa mfano Rubya, Kagondo au Ndolage, kisha anapewa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Bukoba. Picha inabaki nyuma. Bukoba anapigwa nyingine. Akipelekwa Bugando, amesafiri kwa basi au kwa meli hadi Mwanza, anaweza kupigwa ya tatu. Dawa ya hili ni bahasha, au faili kwenye simu. Picha ya filamu iambatane na barua ya rufaa. Ya kidijitali itolewe kama faili kamili, kwa sababu kioo cha kompyuta kilichopigwa picha kwa simu hupoteza undani mwingi na daktari wa pili atalazimika kuanza upya.

Visiwani na mashine za mkononi

Kwa watu wa Goziba, Ikuza au Bumbire, safari ya kwenda kwa daktari wa meno huanza na boti. Mashine ndogo ya eksirei inayoshikwa mkononi kama kamera inaweza kuwafikia walipo. Ikiwa ni ya kiwango, ina risasi ya kutosha ndani na ngao ya duara mbele inayozuia mionzi kumrudia mpigaji, hufanya kazi vizuri.

Tatizo ni zile zinazouzwa mtandaoni kwa bei ya kutupa. Desemba 2012 mamlaka ya vifaa tiba ya Uingereza ilionya kuhusu mashine za aina hiyo zilizopimwa na kukutwa hazina kinga ya kutosha ndani, kiasi cha kuhatarisha mtumiaji na mgonjwa. Hatari kubwa ni kwa mtumishi anayeishika siku baada ya siku.

Tanzania sheria ipo. Sheria ya Nguvu za Atomiki Na. 7 ya mwaka 2003 inaipa Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, TAEC, jukumu la kutoa leseni na kukagua vyanzo vya mionzi, na mashine ya meno ni mojawapo. Ukubwa wake hauiondoi kwenye sheria. Anayeleta mashine kwa ajili ya kambi ya matibabu, hata kwa nia njema, anatakiwa kuwa na kibali kabla boti haijaondoka.

Je, aproni itupwe?

Uingereza iliacha kuiona aproni kuwa ya lazima kwa meno tangu mwongozo wake wa mwaka 2001. Sababu ni kwamba mionzi michache inayofika tumboni au kwenye viungo vya uzazi hupitia ndani ya mwili, na aproni iliyo nje haiizuii. Tena kola ikikaa vibaya huziba sehemu ya picha, hasa OPG, na picha inarudiwa.

Lakini nchi hizo zilianza kwa kubana mionzi. Kituo chenye mdomo wa mviringo na filamu ya polepole bado kinatupa mionzi karibu na shingo, na tezi ya thairoidi ya mtoto ni nyepesi kudhurika kuliko ya mtu mzima. Kwa mahali kama hapo kola ya shingo kwa picha ndogo za jino bado ina maana, ilimradi haiingii mbele ya picha. Na masharti ya TAEC ndiyo yanayofuatwa nchini, siyo ushauri wa chama cha nchi nyingine.

Kwa hiyo, kwa kituo chenye fedha kidogo, tunaona mpangilio uwe hivi:

1. Achana na picha zisizo na sababu. Hakuna gharama.
2. Weka daftari la picha zilizoharibika, na karatasi ya vipimo ukutani. Gharama ni kalamu.
3. Nunua vishikizo na mdomo wa mstatili.
4. Acha filamu ya daraja D. Tumia E au F, au kinasa cha kidijitali kilichowekewa kipimo chake.
5. Aproni na kola zilizopo zitundikwe, zisikunjwe, kwa sababu risasi hupasuka kwenye mikunjo. Avae pia ndugu anayemshika mtoto wakati wa picha.

Mtoto, na mama mjamzito

Mtoto ana mashavu membamba na mifupa laini, hivyo anahitaji muda mfupi wa mionzi kuliko mtu mzima. Mzazi ana haki ya kuuliza kama mashine imewekwa kwa kipimo cha mtoto.

Mjamzito mwenye jino lililooza na uvimbe hatakiwi kuvumilia hadi ajifungue. Mionzi ya picha ya jino inaelekezwa mdomoni, na inayofika kwa mtoto tumboni ni ndogo mno. Usaha unaosambaa ni hatari ya karibu zaidi. Mwambie daktari kuwa una ujauzito, naye aamue picha ipi haiwezi kusubiri.

Maswali ya kuuliza kabla ya kufungua mdomo

- Daktari, picha hii itabadilisha nini kwenye matibabu yangu?
- Nilipigwa picha hivi karibuni. Je, hiyo haitoshi?
- Mashine imewekewa kipimo cha mtoto?
- Naweza kuondoka na picha yangu?
- Mashine hii ina leseni ya TAEC?

Uliza kwa heshima, na usione haya. Daktari au mtaalamu wa mionzi anayeijua kazi yake atakujibu kwa dakika moja. Na ukijibiwa vizuri, kaa kwenye kiti, uma kishikizo, tulia usitikisike. Ukitulia, picha inatoka safi mara ya kwanza na hakuna sababu ya kukupiga mionzi mara ya pili.